Pazia la Vifungo Mia Tatu

Mtaani kwao, hakuna aliyependa kupima kama Bi Pima. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Alikuwa fundi cherehani. Akimaliza sala ya asubuhi aliivaa tepu shingoni, na hakuivua mpaka saa ya kulala.

Alipima nguo, maana ndiyo kazi yake. Lakini alipima na mkate kabla ya kuukata. Alipima nafasi kati ya kiti na kiti. Sabuni ya kuogea aliichora mstari katikati: nusu hii yake, nusu ile ya mume.

Mume wake alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "wewe siku ya kiama utamwambia malaika asimame vizuri, mbawa zake hazilingani."

"Usimtanie malaika," alijibu Bi Pima. "Na wewe kaa sawa. Bega lako la kushoto limeshuka."

Juu ya mlango wa chumba cha kushonea palikuwa na kibao. Kiliandikwa kwa rangi nyekundu: KAZI YA HAPA HAIRUDI. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mteja aliyerudisha nguo. Bi Pima alikifuta vumbi kibao hicho kila asubuhi. Wageni walipopita mlangoni alikohoa kidogo, ili wainue macho wakisome.

Jirani yao alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Alikuwa mama mfupi, mwepesi wa mwendo, na daima alikuwa na vumbi la chaki kichwani. Wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki. Yeye alijua, na wala hakujali.

Jumatatu moja Mwalimu Chaki aliingia mbio, karatasi kubwa ya kaki mkononi.

"Fundi, shule imemaliza kujenga ukumbi. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na jukwaa halina pazia. Nakutegemea wewe."

"Rangi gani?"

"Jeusi. Na juu yake ushone vifungo vyeupe mia tatu. Kila kifungo ni galaksi moja."

"Galaksi ndiyo nini, Mwalimu?"

"Ni kama mji, ila wakazi wake ni nyota. Jua letu hili ni nyota moja tu. Galaksi moja ina mabilioni ya nyota kama hilo jua."

"Mungu ni mkubwa!" Bi Pima aliweka mkono kifuani. "Na hizi ziko mia tatu?"

"Hili ni fungu la galaksi. Yako mafungu yenye galaksi zaidi ya elfu. Watoto waone jinsi fungu linavyokua. Sasa sikiliza, fundi, jambo la maana ni hili..."

Kengele ya shule ikalia. Mwalimu Chaki akaitupa karatasi mezani, akakimbilia mlangoni.

"Fuata mchoro!" alipiga kelele akiwa barabarani. "Mchoro kama ulivyo!"

Bi Pima alikunjua karatasi. Aliitazama. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Katikati palikuwa na lundo la nukta, zimebanana kama nzi kwenye embe bovu. Pembeni palikuwa na vikundi vidogo: hapa nukta nne, pale tisa, kule kumi na mbili. Baina ya vikundi palibaki karatasi tupu. Na nukta nyingine zilikuwa na mikia, kama nyuzi zilizosahauliwa kukatwa.

Alisikitika sana.

"Maskini Mwalimu," alimwambia mume wake. "Nyota anazijua, kupanga hajui. Au kalamu ilivuja. Mungu hawezi kupanga vitu ovyo namna hii."

"Si amesema ufuate mchoro kama ulivyo?"

"Mteja akiniletea kitambaa chenye doa, nishone na doa? Nitamsahihishia. Atanishukuru."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa na nia njema. Fundi mwingine angeufuata mchoro kwa uvivu tu, na angepatia. Bi Pima hakuwa mvivu. Alipiga hesabu: mistari kumi na miwili, kila mstari vifungo ishirini na vitano. Jumla mia tatu. Kati ya kifungo na kifungo, inchi kumi kamili. Ile mikia hakuishona hata mmoja, kwa sababu fundi mwenye heshima zake haachi uzi unaning'inia.

Dukani alipata vifungo vyeupe mia mbili na sitini. Vilipungua arobaini. Akafungua kabati la mume wake, akang'oa vifungo vya mashati sita, saba kwa kila shati. Akapata arobaini na viwili. Viwili vikabaki, akaviweka kwenye kopo.

Tangu siku hiyo fundi baiskeli alifunga mashati yake kwa pini.

"Nikiinama kwenye gurudumu zinanichoma kama siafu," alilalamika.

"Ni kwa ajili ya elimu," alisema Bi Pima.

Alishona siku sita, akaacha siku ya ibada peke yake. Mgongo ulimuuma, macho yakamwasha. Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa nne, alikata uzi wa kifungo cha mwisho. Pazia lilinyooka kama mistari ya daftari. Hata moyo wake ulitulia.

Saa nne kamili ndipo wifi yake alipowasili.

Wifi huyo, dada wa mume, naye alikuwa fundi cherehani. Alifanya kazi na binti zake watatu, wote watu wazima. Nyumba waliyopanga ilikuwa inabomolewa, barabara ipanuliwe. Wakaja kwa kaka mpaka wapate chumba kingine. Binti wa kwanza aliitwa Chapuchapu kwa wepesi wake. Wa pili aliitwa Kicheko, na sababu ilisikika kabla hajaonekana. Wa tatu aliitwa Kimya. Huyo alikuwa akitembea hatua mbili nyuma ya wenzake, na kazi yake ilikuwa kushikilia mzigo wowote uliokuwa unaanguka.

Waliingia mlangoni wote wanne kwa pamoja, wakakwama. Wakasukumana. Mlango ulipowaachia, walikuja kwa kasi isiyo na breki. Walikipita chumba cha kushonea, wakalipita jiko, wakatokea uani. Huko wakageuka, wakarudi ndani tena. Njiani walikuwa wameacha mtandio umenasa kwenye pasi, kifuniko cha sufuria chini ya meza, na kandambili moja mlangoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema mume, akawakumbatia kwa uangalifu, kwa sababu ya pini.

"Mwenyeji ataugua," alinong'ona Bi Pima akiokota kandambili.

Siku ya kwanza haijaisha, wale wanne wakawa wameteka pembe moja ya chumba. Waliziweka cherehani zao zimegusana. Walikuwa na sufuria yao, walikula kutoka sahani moja, na walikuwa na hadithi zao ambazo hazikuhitaji kumalizwa. Wifi alisema tu, "Kama yule mzee wa kofia," na wote wakaanguka kwa kicheko. Bi Pima alisubiri aelezwe habari za mzee wa kofia. Hakuelezwa.

Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Chumba kizima kilikuwa na nafasi, kwa nini watu wanne wabanane kwenye pembe moja? Jambo hilo lilimwasha rohoni kama kola iliyoshonwa upande.

Jumanne asubuhi alivua tepu shingoni.

"Wifi, karibu kwangu, lakini hapa tunakaa kwa mpango. Wewe dirishani. Chapuchapu kwenye pasi. Kicheko mlangoni. Kimya, kule kwenye meza ya kukatia. Hatua tatu kati ya mtu na mtu."

Wifi alimtazama, akaitazama tepu. "Hatua tatu?"

"Nimeshapima."

Walitawanyika. Na kuanzia hapo chumba kikageuka soko.

"Mamaaa! Mkasi!"

"Mwambie dada yako!"

"Dadaaa! Mama kasema nikuambie mkasi!"

Kicheko alisimulia jambo kutoka mlangoni, na kila aliyepita barabarani akalisikia. Chapuchapu aligeuka amsikie, akaiacha pasi juu ya shati la mteja. Ilipoinuliwa, mgongoni palikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Wifi naye alishona mfuko wa suruali juu na chini, usiingie hata sarafu. Kimya peke yake ndiye hakuharibu kitu. Alikuwa akitembea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akipeleka mkasi.

Bi Pima alisema neno kuhusu lile shati. Wifi akajibu maneno mawili. Usiku hawakuagana.

Jumatano asubuhi wifi alifunga mizigo.

"Tulikuja kwa kaka yangu," alisema, akiikaza kamba kwa nguvu. "Hatukuja jeshini."

"Wifi, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Ulitaka tuwe vifungo. Wanangu, simameni twende."

Mume wa Bi Pima alisimama mlangoni, mafuta ya mnyororo mikononi, hajui ashike upande gani. Dada yake huyu. Mke wake huyu. Alibaki kujikuna penye pini.

Wakati huohuo Mwalimu Chaki akaingia, amekuja kulitazama pazia.

Bi Pima alifuta uso haraka. Angalau jambo hili moja litamfariji. Alilitundika pazia kwenye kamba, akalinyoosha, akasimama pembeni akisubiri shukrani.

Mwalimu Chaki alilitazama kutoka kifungo cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Fundi," alisema mwishowe, "hili ni pazia zuri sana."

"Asante."

"Lingekuwa la bafuni, ningelichukua sasa hivi."

Kicheko akaanza kucheka. Mama yake akampiga kiwiko.

"Sikuelewi, Mwalimu," alisema Bi Pima.

"Mchoro wangu uko wapi?"

"Nimeusahihisha. Ulikuwa umepinda."

Mwalimu Chaki alikaa chini taratibu. "Haukupinda, fundi. Ndivyo zilivyo. Galaksi hazikutawanywa angani kwa inchi kumi kumi. Zinakaa kwa vikundi. Watoto mia tano wataliangalia pazia hili kila siku. Watajifunza uongo kila siku. Siwezi kulipokea."

Macho ya Bi Pima yakaenda yenyewe juu ya mlango, kwenye kibao. Miaka ishirini na miwili. Na leo kazi imerudi, mbele ya wifi, tena wifi mwenye mizigo mkononi.

"Lakini Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "Mungu si wa ovyo."

"Nani kasema ovyo? Mpango upo. Ila hautumii tepu yako. Njoo nikueleze kile ambacho kengele ilinikatiza."

Alitandaza karatasi ya kaki mezani. Bi Pima akainama. Wale wanne walibaki mlangoni na mizigo yao, lakini shingo zilikuwa zimerefuka.

"Kila kitu kizito kinavuta kingine," alianza Mwalimu Chaki. "Dunia inatuvuta sisi, ndiyo maana ukiangusha sindano inakwenda chini. Galaksi nazo zinavutana. Galaksi chache zikivutana, zinakuwa kikundi. Tatu, nne, kumi, hata hamsini. Zinazungukana, zinasafiri pamoja."

"Kama familia," alisema mume.

"Kama familia. Sasa hapa katikati kuna fungu kubwa. Ni zito sana. Linavivuta vikundi vilivyo pembeni. Kikundi kinakuja, kinaingia. Halafu kingine. Kila kikundi kikiingia, fungu linakuwa zito zaidi, na linavuta zaidi. Ndivyo linavyokua. Zipo galaksi zinazoingia moja moja, lakini nyingi zinaingia na wenzao. Umeona nukta hizi nne hapa pembeni? Hazikudondoka kwenye kalamu. Ni kikundi kiko njiani."

Wifi hakuweza kuvumilia. "Zikifika, zinagongana?"

"Mara chache, mama. Kati ya galaksi na galaksi kuna nafasi kubwa mno. Kikundi kinaweza kuingia kwa kasi, kikapita katikati, kikatokea upande wa pili. Halafu fungu linakivuta, kinageuka, kinarudi."

Bi Pima aliinua uso. Akautazama mlango wa mbele. Akautazama mlango wa uani.

"Na hii mikia?" aliuliza. "Mimi nilidhani nyuzi zimesahauliwa."

"Ndani ya fungu kuna gesi. Ni nyembamba mno, lakini ina moto kupita kiasi. Galaksi nayo inakuja na gesi yake, ambayo ndiyo unga wa kuumbia nyota mpya. Ikiingia kwa kasi, ile gesi ya fungu inaipiga kama upepo wa mbele. Gesi ya galaksi inachopolewa, inabaki nyuma kama mkia. Ndiyo maana mikia yote inatazama kule zilikotoka. Ikimalizika, ile galaksi haiumbi nyota mpya tena."

"Kama mtu akikimbia mtandio ukabaki nyuma," alisema Chapuchapu.

"Umenasa kwenye pasi," alimalizia Kicheko, akaangua kicheko. Safari hii hakupigwa kiwiko.

Bi Pima hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Mwalimu, kikundi kikishaingia, si kinatawanywa? Kila mmoja anakaa pake?"

"Kinatawanyika, ndiyo. Lakini si siku ile ile. Wanachama wake wanaendelea kushikana wenyewe kwa wenyewe. Fungu linawavuta pole pole. Wa pembeni ndio hutoka kwanza, mmoja mmoja. Wa katikati hutoka mwisho. Baada ya muda mrefu huwezi tena kujua nani alikuja na nani."

"Muda gani?"

"Miaka bilioni kadhaa."

"Nani aliyekaa akaona?" aliuliza mume.

"Hakuna. Lakini ukipita mtaani asubuhi moja unaona mtoto mchanga, kijana na mzee. Hujamwona mtu mmoja akikua, na bado unajua watu hukua. Wataalamu wanatazama mafungu mengi kwa darubini. Katika hili, kikundi kinakaribia. Katika lile, kinapita katikati. Katika jingine, kimekwisha kumezwa. Wanapima mwendo wa kila galaksi kwa kuchunguza mwanga wake."

"Wanapima?" Uso wa Bi Pima ulipata nuru kidogo.

"Wanapima sana, fundi. Lakini wanapima kilichopo. Hawakisogezi."

Mwalimu Chaki alilishika pazia, akalikunja ncha.

"Na jambo moja umelipata bila kujua. Uzito mkubwa wa fungu hauko kwenye galaksi. Uko kwenye kitu kisichoonekana, wala hatujui bado ni nini. Kinaitwa maada nyeusi. Ni kama kitambaa hiki. Watu watatazama vifungo, lakini kinachovishika vyote ni kitambaa, na hakuna atakayekisifia."

Kengele ikalia. Akasimama.

"Jumamosi saa nne, fundi. Kama haiwezekani, niambie tu. Tutafungua ukumbi bila pazia."

Alipoondoka, Bi Pima alitazama vifungo mia tatu. Kuvishona peke yake kulimchukua siku sita. Zilibaki mbili na nusu, na kabla ya kushona kulikuwa na kufumua. Akageuka. Pale mlangoni walisimama wale wanne, wamebanana na mizigo yao, mama katikati, Kimya pembeni. Akaitazama karatasi ya kaki, zile nukta nne. Akawatazama tena.

Kuomba radhi hakukuwa fani yake. Lilikuwa vazi ambalo hajawahi kulishona.

"Wifi," alisema. Akakohoa. "Wifi, jana nilikosea. Niliwafumua kabla hata hamjakaa."

Wifi aliutia mzigo kwapani.

"Na hili pazia nalo nimekosea. Peke yangu silimalizi. Nisaidieni. Kaeni mtakavyo."

"Pembe yetu?"

"Pembe yenu."

"Na sufuria yetu?"

Bi Pima alilitazama jiko lake. "Na sufuria yenu."

"Na tepu?"

Hilo lilikuwa gumu. Mume alisogea, akaivua tepu shingoni mwa mke wake kama anayemtoa mtoto mwiba, akaitia mfukoni. Tepu ikanasa kwenye pini. Walichelewa dakika nzima kuinasua.

Wifi akaushusha mzigo.

Walianza kufumua saa ile ile. Mume alikuja kusaidia na koleo la baiskeli, akafukuzwa. Alhamisi waliutandika mchoro sakafuni na pazia kando yake. Bi Pima alichukua lundo la katikati. Wale wanne wakachukua vikundi vya pembeni, na wakaanza na kile cha nukta nne.

"Hiki ni mama," alisema Kicheko akishona. "Hiki Chapuchapu. Hiki mimi, nimekaa vizuri hivi. Kile cha pembeni Kimya."

Walishona kwa uzi wa kukunja mara mbili. Bi Pima yeye alishona kwa uzi mmoja, akapiga fundo mara tatu. Alifungua mdomo aseme. Akaufunga. Saa sita mchana aliona wao wamemaliza vifungo sabini, yeye arobaini. Akaufunga mdomo zaidi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mikia. Kila galaksi yenye mkia ilibidi iachiwe nyuzi ndefu zinazoning'inia. Bi Pima alishona ya kwanza, akaacha uzi. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mkasi.

"Mkaza mjomba!" Chapuchapu alimkemea. Ndivyo walivyomwita, kwa kuwa ni mke wa mjomba wao.

"Sikuwa nakata. Nilikuwa naushika tu."

"Weka chini."

Aliuweka chini. Baada ya robo saa aliushika tena. Mwishowe aliukalia.

Ijumaa, saa tisa alasiri, kifungo cha Bi Pima kilianguka, kikaviringika mpaka kwenye pembe ya wageni. Kimya alikiokota. Alikileta. Lakini hakurudi. Alisimama akitazama lile fundo la mara tatu.

"Hilo linafungwaje?" aliuliza. Bi Pima alishtuka. Tangu Jumatatu hakuwa ameisikia sauti yake.

"Kaa nikuonyeshe."

Kimya alikaa. Alijaribu mara moja, akapatia. Akajaribu la pili. "Hapa kuna mwanga zaidi," alisema, kana kwamba kuna aliyemuuliza, akaendelea kushona.

Kule pembeni wifi aliinua macho, akaona kiti cha binti yake kitupu. Baada ya muda alimtuma Kicheko na vikombe viwili vya chai, kimoja cha Kimya na kimoja cha Bi Pima. Ilikuwa chai ya kutoka kwenye ile sufuria yao. Sukari ilikuwa nyingi kupita kipimo. Bi Pima aliinywa yote.

Walimaliza kabla ya jua kuzama.

Jumamosi ukumbi ulijaa wazazi, watoto, na harufu ya rangi mpya. Pazia lilipovutwa likafunika jukwaa, watoto walisema "Aaaa!" kwa sauti moja. Katikati lundo la vifungo liling'aa. Vikundi vilikuwa vinalikaribia kutoka pande zote, na mikia ikipeperuka kidogo kwa upepo wa madirishani. Pazia lilionekana kama linatembea.

Mwalimu Chaki alipanda jukwaani na fimbo. Aliwaeleza watoto galaksi ni nini, na vikundi vinavyoingia. "Hata galaksi yetu," alisema, "imo kwenye kikundi kidogo. Sisi nasi tuna wenzetu." Halafu fimbo yake ikasimama.

"Fundi," aliita, "hapa nilichora nukta nne. Naona vifungo vitatu."

Bi Pima alisimama. 

"Mwalimu, sogeza fimbo kulia kidogo. Kidogo tena. Cha nne ni hicho."

Fimbo ilikikuta kifungo kimoja, peke yake, kati ya kikundi na lundo. Nyuma yake palikuwa na uzi mrefu.

"Wewe ulisema wa pembeni hutoka kwanza," alisema Bi Pima. "Huyo ametoka. Jana saa tisa."

Kimya, aliyekaa kitini kati ya mama yake na mkaza mjomba, aliinamisha uso. Ni yeye aliyekifumua na kukishona pale. Bi Pima alimwona akifanya hivyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona kifungo kimehama akakiacha.

Mwalimu Chaki alikitazama kifungo. Akatabasamu mpaka chaki ikamdondoka nyweleni.

"Watoto," alisema, "hii ni sahihi kuliko mchoro wangu."

Watu walipiga makofi. Fundi baiskeli alisimama apige zaidi ya wote, akainua mikono juu, na pini zote saba zikafyatuka kwa mpigo. Kicheko alicheka mpaka akatolewa nje.

Jioni ile Bi Pima alichukua kopo, akamrudishia mume wake vile vifungo viwili vilivyobaki. Kimoja akakishona shingoni mwa shati, kingine tumboni.

"Na hapo katikati?" aliuliza mume.

"Hapo katikati ni anga."

Wiki iliyofuata alichukua rangi nyekundu, akapanda kwenye kiti, akaongeza maneno kwenye kibao. Sasa kinasomeka: KAZI YA HAPA HAIRUDI. IKIRUDI TUNAIFUMUA. Wateja wameongezeka. Wifi naye ameacha kutafuta chumba kingine, kwa sababu kazi imekuwa nyingi na mikono inahitajika yote.

Mwezi ulipopita, Mwalimu Chaki alipita kusalimia. Alikuta cherehani tatu zimegusana kwenye pembe, na mbili kwenye meza ya dirishani. Jikoni palikuwa na sufuria mbili motoni.

"Naona bado hamjachanganyika," alisema.

Bi Pima alikuwa anakata mkate. Vipande havikulingana, lakini alijitahidi asivitazame.

"Mwalimu, ulisema inachukua miaka mingapi?"

"Bilioni kadhaa."

"Basi kaa unywe chai," alisema Bi Pima. "Hatuna haraka. Leo nimeelezwa habari za mzee wa kofia."